Nilivyokwenda Kuze kwa Jina la Jane

Safari hii ilizaliwa na barua. Barua yenyewe ilikuwa ya posa, imeandikwa kwa mkono mzuri wa kizamani, na ililetwa nyumbani kwetu Bondeni, hapa Nakuru, na mzee mmoja wa Mombasa mwenye duka la viungo mtaani. Kijana aitwaye Twaha, wa Kuze katika Mji wa Kale wa Mombasa, anamtaka binti yangu Rehema. Walijuana wakati Rehema alipokuwa akisoma chuo kilicho karibu na Buxton, huko huko Mombasa. Tuliahidi kutoa jibu siku ya Jumapili.

Sasa mimi na posa tuna kesi yetu ya zamani. Dadake Rehema, Salma, alipoposwa tulifuata desturi, tukamtuma mtu akachungue habari za kijana na watu wake. Alikwenda shemeji yangu. Akalishwa pilau huko, akarudi ametanguliza tumbo, akasema, "Watu wazuri sana wale." Mwaka wa pili Salma alirudi nyumbani na mabegi mawili na mtoto mgongoni, na mpaka leo hajaniambia yote. Niliapa kwamba posa ya Rehema nitaichunguza mimi mwenyewe, kwa macho haya mawili.

Kabla sijafunga begi, kaka yangu Hamisi, anayeishi ng'ambo, akatutumia ramani kwenye kundi la familia la WhatsApp. Ilikuwa ramani ya Kenya yenye mabaka ya rangi, na Mji wa Kale wa Mombasa umo ndani ya baka mojawapo. "Dada," akaandika, "serikali ya huku inawaonya raia wake wasikanyage hapo. Wewe unataka kumwoza mtoto hapo?" Basi kundi likawaka moto. Shangazi wakalia, binamu wakabishana, na shemeji wa pilau naye akatoa maoni yake, hana haya.

Rehema aliisoma ramani ile jikoni, akanirudishia simu. "Mama, ukisema hapana nitatii," akasema. "Lakini useme kwa ulichokiona wewe, si kwa rangi za mjomba." Sauti ilimtetemeka, na mimi moyo ukaniuma, maana Rehema si mtu wa kutetemeka. Usiku ule mume wangu, Baba Salma, akaniambia, "Nenda. Utakalorudi nalo ndilo nitakalowajibu." Kwa hiyo mzigo wote ukawa wangu.

Rehema mwenyewe alikuwa ameshanisimulia zamani, bila kujua nitakuja kulitumia, kwamba watembeza wageni wa Ngomeni, penye Ngome ya Yesu, huwapeleka watalii kwa mamake Twaha kula mahamri na mbaazi. Nikampigia simu mtembezaji mmoja, nikajiandikisha kwenye matembezi ya siku moja ya kisiwani, kwa jina la Jane. Nilijiona mjanja kuliko sungura. Nilinunua kofia pana ya majani niivae juu ya kilemba, na miwani myeusi mikubwa. Rehema nilimwambia nakwenda Nairobi kumwona rafiki. Hamisi, ambaye hakosi kitu, Baba Salma alimdokezea siri, naye akanitumia masharti manne: nisitaje jina langu, nisile kwa watu nisiowajua, nisiingie vichochoroni, na mtu akinifuata nisiongee naye. Nikayaandika kwenye karatasi, nikaitia mkobani.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi la Nairobi, na alasiri nikapanda gari moshi la Mombasa. Safari ya reli haina mengi ya kusimulia. Baada ya Mtito ardhi ikawa nyekundu, abiria wakarukia madirisha ya kushoto kwa sababu ya ndovu, na mimi nilikuwa nimekaa kulia. Nikaona mgongo wa bwana mmoja aliyekuwa akipiga picha. Mlango ulipofunguliwa kituoni Miritini, joto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria ya wali iliyofunuliwa. Nikavua sweta, nikavua na soksi palepale, watu wakinitazama.

Usiku huo nililala Buxton, kwenye nyumba ndogo ya wageni. Mwenye nyumba aliniletea daftari niandike jina. Nikaandika "Ha", nikakumbuka, nikafuta, nikaandika "Jane". Aliangalia palipofutwa, akaniangalia mimi, akaniuliza tu kama nitataka feni. Nilifunga mlango kwa kitasa, komeo na kiti. Nje nilisikia wanafunzi wakicheka na mtu akiuza mihogo ya kukaanga, na nikafikiri, hapa ndipo mwanangu alipokuwa akipita kila siku miaka mitatu, na mimi huko Nakuru nilikuwa nalala vizuri tu kwa kuwa sikuwa na ramani.

Ijumaa saa mbili asubuhi tuktuk ilinishusha Ngomeni. Ngome ya Yesu ni kubwa kuliko nilivyodhani, kuta nene za mawe ya matumbawe zenye rangi ya chapati iliyoiva. Wauza vinyago walikuwa wameshapanga vitu vyao lakini wamekaa tu, mmoja anamsuka mwenzake nywele. Mtembezaji wangu alikuwa akinisubiri langoni. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi na kikoi, jina lake Bwana Athumani.

"Sabalkheri, mama. Karibu sana. Wewe ndiwe kundi."

"Kundi gani?"

"Tulikuwa na wageni tisa. Wanane wameahirisha, wameona lile onyo. Kwani wewe hukuliona?"

"Nimeliona."

"Na umekuja?"

"Nilishalipa," nikasema.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akanitembeza Ngome yote kana kwamba nilikuwa watu tisa kamili. Alinionyesha mizinga, michoro ya mabaharia ukutani, na mahali walipochota maji. Alinieleza jinsi Wareno walivyoijenga, Waomani wakainyakua, na jinsi kila aliyejifungia humo kwa kuogopa walio nje alivyoishia kutolewa. Nakiri kwamba nusu sikuisikia. Akili yangu ilikuwa Kuze. Msomaji anayetaka historia ya Ngome aende, Bwana Athumani ataieleza vizuri kuliko mimi.

Saa tatu na nusu tuliingia Mji wa Kale, na hapo sharti la vichochoro likafa. Njia zenyewe ni vichochoro, hakuna nyingine. Nyumba zimekaribiana hata mtu wa ghorofani anaweza kumkopesha jirani wa ng'ambo chumvi bila kushuka. Nguo zimeanikwa kwenye roshani, paka wamelala katikati ya njia wakijua hakuna gari litakalopita, na kila mlango una watu wawili watatu wamekaa. Madrasa zilikuwa zimefungwa kwa kuwa ni Ijumaa, watoto wakichezea vizingitini. Nikaanza kazi yangu ya upelelezi.

"Bwana Athumani, huko tutakakokula ni kwa watu wa namna gani?"

"Kwa Bi Swafiya? Watu wema mno."

Nikakunja uso. Watu wema, watu wazuri, wimbo ule ule wa pilau. "Una hakika?"

"Mama, mimi nala mahamri yake karibu kila siku. Ushahidi wangu una nazi ndani yake. Wataka ukweli, muulize asokula kwake."

Jibu hilo lilinipendeza, lakini sikumwonyesha.

Hatua chache mbele, kwenye baraza ya nyumba moja, alikuwa amekaa mzee mwenye kofia ya vito na bakora. "Asalaam alaykum," akasema, na Bwana Athumani akaitikia. Mimi nilikuwa Jane. Jane haitikii salamu hiyo, au ndivyo nilivyoamua kwa ujinga wangu, kwani Mombasa hata Majane halisi huitikia. Lakini ulimi wa mtu aliyelelewa kwa salamu haukatazwi na kofia ya majani. Nikaitikia chinichini, midomo ikicheza bila sauti, nikapita haraka.

Tulipokata kona nikasikia bakora. Ko, ko, ko. Nikageuka, yule mzee anakuja. Tukakata kona ya pili, ko, ko, ko. Nikakaza mwendo. Bwana Athumani akawa ananieleza habari za mlango fulani wa Kihindi, na mimi nampita mbio.

"Mama, mbona wakimbia?"

"Kuna mtu anatufuata!"

"Ee, ni Mzee Shee. Yuwaja polepole, magoti yamuuma. Tumngojee."

Tumngojee! Nimeonywa na serikali ya nchi nzima, na huyu ananiambia tumngojee. Niliukumbatia mkoba kifuani, mgongo ukutani, nikachungulia kama kuna mlango wa kukimbilia. Mzee akafika, anahema, akajiegemeza kwenye bakora yake.

"Mwanangu," akaniambia, "nakuomba radhi."

"Radhi ya nini, mzee?"

"Hilo ndilo sijui. Nimekutolea salamu, umeiitikia, lakini umeimeza. Nimeona midomo. Asojua salamu hapiti kwa kuimeza, ajipitia tu. Mwenye kuimeza ana neno na aliyemtolea. Nikasema, huyu pengine tumemkosea, mimi au mmoja wetu hapa, na leo ni Ijumaa. Siwezi kwenda msikitini na jambo la mtu moyoni."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee wa miaka ile amekata vichochoro vitatu kwa magoti mabovu ili aniombe msamaha, na mimi natafuta pa kukimbilia. Nikavua miwani. "Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh," nikasema, yote, mpaka mwisho. "Hujanikosea, mzee wangu. Mimi ndiye mkosaji. Nilikuwa naogopa."

"Alhamdulillahi," akasema, akatabasamu. "Kuogopa si neno. Hata sisi twaogopa. Nenda kwa amani, mwanangu." Akageuka akarudi, ko, ko, ko. Bwana Athumani hakuuliza kitu. Alipita mlango mmoja, wa pili, kisha akasema, "Basi huu mlango wa Kihindi, Bi Jane, kama nilivyokuwa nikisema," na kwenye lile "Bi Jane" nilimwona akijiuma mdomo asicheke.

Saa nne na robo tulifika kwa Bi Swafiya, mamake Twaha. Ni nyumba ya mlango wa kijani, ukumbi mwembamba ulioishia kwenye ua mdogo ambako mna karai la mafuta, sufuria ya mbaazi, na mkeka uliotandikwa. Bi Swafiya ni mwanamke mnene, mcheshi, wa umri wangu, leso kiunoni na unga mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimerudisha miwani yangu. "Karibu, ndoo ndani, kaa. Umechoka wee," akasema. Hakuniuliza jina, wala nimetoka wapi, wala nimekuja kwa lipi. Baadaye alinieleza kwamba kwao mgeni haulizwi mpaka ameshiba, na asiyetaka kusema hata akishiba haulizwi.

Sharti la kutokula nalo likafa hapo. Mahamri yalikuja yamefura, yana moto, yananukia iliki. Mbaazi imeivia nazi mpaka imelegea. Nilitaka kuonja kidogo kwa heshima. Nilipokuja kushtuka nimekula manne. Lakini sikusahau kazi. Nilitazama pembe za ua, hazina taka. Nilitazama mtungi wa maji, umefunikwa. Nikaomba kwenda chooni, si kwa haja bali kwa ukaguzi, kwa sababu ukumbi hufagiliwa kwa ajili ya wageni lakini choo hakidanganyi. Kilikuwa kinang'aa, na ndoo imejaa. Nikarudi nimekasirika kidogo. Mtu aliyesafiri mbali hivyo kutafuta kasoro hufurahi akipata hata moja.

Bi Swafiya akanijazia bakuli tena. Akashika kisahani cha pilipili, akakirudisha chini.

"Mwanao hula mbaazi bila ya pilipili," akasema. "Wewe je?"

Miwani ilinitoka usoni ikatumbukia kwenye mbaazi. Wallahi siongezi chumvi, ilitumbukia, na ikabaki imesimama. Bwana Athumani akainuka haraka, akasema anakwenda barazani kuhesabu paka, akatoka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Umenijuaje?" nikauliza.

"Mwenyezi Mungu hakukopa sura mbali. Rehema amekula hapo ulipokaa wewe, kila Jumamosi, miaka mitatu. Kidevu ndicho hicho, mdomo ndio huo, na ukila wakunja mguu ule ule. Tangu ulipoingia nimejua."

"Na ukaninyamazia?"

"Umejificha, nikakufichia. Ningefanyaje? Nikuvue kofia mbele ya mtu?"

Nikaanza kucheka, naye akaanza, na tulicheka mpaka mafuta ya karai yakaungua. Nikavua kofia. Nikamwambia jina langu, Hadija, nikamweleza habari za Hamisi na ramani na masharti. Nikamweleza na kilichonileta hasa. Sikuweza kumficha baada ya miwani ile. Nilimweleza habari za Salma.

Alisikiliza bila kukata neno. Kisha akafunika sufuria, akaja kukaa mkekani mbele yangu. "Hadija, wewe hukuja kutafuta sifa," akasema. "Sifa za mwanangu atakupa kila mtu. Aibu zake nani atakupa ila mimi niliyemzaa? Sikiza. Twaha akinuna, hanuni siku moja. Hununa tatu, na hasemi kwa nini. Akitengeneza friji ya mtu husahau kula, akirudi hudanganya amekula. Ni mzito kuamka, kumwamsha alfajiri kwataka maji. Tena ana wivu kidogo. Hajui, lakini anao."

Sijapata kuona. Kwenye posa! Mahali ambapo hata kipofu husifiwa macho! Nami nikaona haya kunyamaza. "Rehema ni mkali," nikasema. "Akikasirika husema neno ambalo hata yeye hulijutia. Hajui kupika wali, unatoka uji au mawe. Na akishika jambo lake, hata mimi simwezi."

"Huo ukali twaujua. Aliwahi kunigombeza mimi kwa kuinua gunia la unga." Tukacheka tena. Tukaendelea hivyo, mimi natoa ila moja, yeye ila moja, kama wachuuzi waaminifu wanaofunua machungwa mabovu ya chini ya kikapu. Lakini swali langu la kweli lilikuwa bado kooni, na nilijua nikirudi nyumbani bila kuliuliza nimekwenda bure.

"Mama Twaha," nikasema, "huinua mkono?"

Nje mwadhini wa kwanza wa Ijumaa alikuwa ameanza. Tukangoja amalize.

"Babake, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mwepesi," akasema. "Nimeula mimi, na Twaha aliona. Sijamwona yeye akimwinulia mtu, si dada zake, si paka. Lakini sikuapii la kesho, maana la kesho silijui. Nakuahidi langu mimi. Akiuinua, nipigie. Nitapanda hilo gari moshi nije huko huko, na nitalala chumba cha mwanao, si cha mwanangu. Mimi sikupata mtu wa kulala upande wangu, Hadija. Mamamkwe wangu aliziba masikio."

Machozi yalinitoka. Salma aliniambia jambo moja tu kuhusu ndoa yake, kwamba mamamkwe wake alikuwa akipandisha sauti ya redio.

Nilipopangusa macho ndipo neno lake jingine likanifikia. "Uje huko wapi?" nikauliza. "Si wataishi hapa?"

Bi Swafiya alishika kichwa. "Hujaambiwa! Mtoto yule! Twaha amepata kazi huko kwenu, kiwanda cha maziwa, kwenye mitambo ya baridi. Yuwaja kukaa Nakuru. Ameniambia wiki iliyopita, na pengine alimwomba Rehema anyamaze mpaka mimi niridhie." Akachukua ncha ya leso akaanza kuikunjakunja. "Na sasa nikuulize lako. Dadangu aniambia huko bara si pa kumpeleka mtoto. Aniambia siku za uchaguzi watu hufukuzana, nyumba huchomwa. Aniambia barabara zenu zina malori yasiyosimama, na Twaha amekulia humu, hajui kuvuka barabara. Hapa gari haliingii. Sikulala siku tatu. Niambie kweli, Hadija. Nakuru ni salama?"

Jamani, mimi! Mimi niliyekuja na miwani kuwapeleleza, sasa ninaulizwa mji wangu. Nilifungua mdomo kuapa kwamba ni salama, salama kabisa. Halafu nikamkumbuka mwanamke huyu alivyonihesabia aibu za mwanawe bila kuficha hata ya kuamka.

"Kuna miaka ya uchaguzi tumefunga mabegi tukayaweka mlangoni," nikamwambia. "Mara moja tuliyatumia. Tulirudi. Majirani waliotuficha si wa dini yetu wala si wa kabila letu, na mpaka leo tunakula nao. Malori yapo, na ni mabaya. Baridi ya Julai itamtoa machozi. Siku nyingi ni mji mzuri tu, watu wanauza, wananunua, wanaozana."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Hata hapa ni hivyo. Kuna siku tulifunga milango mchana, vijana wakasakwa vichochoroni, na mimi nikamlaza Twaha chini ya kitanda na umri wake ule. Siku nyingine zote ni mahamri." Akasimama akapepea moto. "Wametuandikia ramani, lakini hawaandiki siku nyingi."

Wanaume walipokwenda kuswali Ijumaa tulibaki wawili, nikamsaidia kusukuma unga. Jibu hakuniuliza, wala mimi sikumpa. Jibu la posa hupita kwa wanaume, kwa maneno yake na adabu zake, na sisi hatukutaka kuwavunjia sherehe yao. Twaha hakuwepo, alikuwa kazini Changamwe, na nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwona kupitia kwa mamake. Bwana Athumani alinirudisha Ngomeni saa nane. Tulipoagana, nilimwomba radhi kwa jina la uongo. "Hilo si neno, mama," akasema. "Wengi huja na majina. Lakini kwenye kitabu cha wageni niache Jane, maana nimeshawaambia wenzangu Mzungu mmoja hakuogopa."

"Mzungu wa Bondeni!" nikamwambia, na akacheka vile vile kama asubuhi, ameshika ukuta.

Jumamosi asubuhi gari moshi lilinirudisha Nairobi, na magharibi basi likanishusha Nakuru kando ya barabara kuu. Barabara hiyo naivuka miaka thelathini. Siku hiyo nilisimama ukingoni, malori yakipita yakivuma, upepo wake unanivuta leso, nikashindwa kutia mguu. Nilikuwa naangalia kwa macho ya Bi Swafiya. Mwanamke mmoja muuza mboga akaniuliza kama naumwa. Akanishika mkono tukavuka pamoja.

Nyumbani Rehema alinifungulia mlango. Nilimwambia, "Natoka Kuze," akakaa chini pale pale kizingitini. Kwanza nilimgombeza kwa kunificha habari za kazi ya Twaha, na nilimgombeza vizuri. Halafu nikakaa naye kizingitini, nikamweleza habari za miwani, na akacheka huku analia. Salma alikuwa amesimama nyuma ya mlango na mwanawe. Nilimweleza naye ahadi ya Bi Swafiya, neno kwa neno. Aliingia jikoni, akarudi na chai, akaketi karibu yangu kuliko alivyowahi kuketi tangu arudi.

Jumapili baada ya adhuhuri tulikusanyika sebuleni. Baba Salma amevaa kanzu, amejikohoza mara tatu, karatasi yake ya maneno ya adabu mkononi. Kabla hajapiga simu Mombasa, Hamisi akatokea kwenye simu yangu kwa video, uso umejaa kioo.

"Dada, sitaki hadithi," akasema. "Nijibu moja tu, wote wasikie. Ni salama au si salama?"

Rehema alisogea akakaa mbele yangu.

"Salama kabisa hakuna, Hamisi," nikamwambia. "Si Kuze, si hapa, wala huko uliko. Miaka yote hii nimeogopa peke yangu. Sasa nimepata mwenzangu wa kuogopa naye."

Baba Salma akanitazama kwa juu ya miwani yake, akakunja ile karatasi, akapiga simu Kuze.